Bwawa la Kamba Likipakana na Bonde la Mpunga

Ufugaji wa kamba siupingi. Ninachopinga ni kuchimba bwawa ubavuni mwa bonde la mpunga kwa sababu tu pametandaa na hori, yaani mkono wa bahari uingiao nchi kavu, liko jirani. Hapa Pemba yapo mabonde ambayo tayari bahari inayaingia nyakati za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Bwawa lililojengwa vibaya huwaongezea wakulima chumvi nyingine, na hii hupita chini kwa chini, hakuna anayeiona ikija.

Hesabu yake ni hii. Lita 1 ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mpunga huanza kupunguza mavuno maji ya udongoni yanapofika karibu gramu 2 kwa lita, na wakati wa hatari zaidi ni ungali mche na unapochanua. Sasa bwawa la hekta 1 likivuja milimita 5 kwa siku, zinapotea lita 50,000, zikiwa na kilo 1,750 za chumvi. Kila siku. Mama mwenye konde ataona ncha za majani zikikauka na mashuke yakitoka mapepe yasiyo na punje, adhani mbolea imepungua. Akitia mbolea ya chumvichumvi, ndiyo anazidisha.

Uvujaji hupimwa kwa ndoo. Ngoja siku za maji mafu (bahari inapojaa kidogo tu) zisizo na mvua, funga lango. Simamisha ndoo ndani ya bwawa, mdomo ukiwa juu ya maji, uijaze maji ya bwawa mpaka yalingane na ya nje. Tia alama ndani ya ndoo, na nyingine kwenye kijiti kilichochomekwa bwawani. Baada ya saa 24, maji ya ndoo yatakuwa yamepunguzwa na jua na upepo tu. Ya bwawa yamepungua kwa hayo pamoja na kuvuja. Tofauti ya hizo mbili ndiyo iliyozama ardhini. Rudia siku tatu.

Mara nyingi njia ya maji ni mashimo ya kaa na mizizi ya mikoko inayooza ndani ya tuta. Kulipaka tuta udongo juu juu hakusaidii. Chimba mtaro katikati ya mstari wa tuta mpaka uvuke mizizi, kisha uujaze udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ishindiliwe kabla ya inayofuata. Baina ya bwawa na makonde pitisha mfereji ulio chini kuliko sakafu ya bwawa, umwage horini. Upande wa hori uwe na lango, la sivyo bamvua litaurudisha huo mfereji kinyume.

Udongo wa mikoko una balaa jingine. Ukiwa chini ya maji umetulia; ukifukuliwa ukapata hewa, salfa iliyomo hugeuka tindikali. Mvua za mwanzo wa masika huikosha kutoka kwenye matuta mpaka bwawani, maji yakawa na rangi ya kutu, kamba wakafa, na watu wakalaumu maradhi. Kabla ya kuchimba, toa udongo wa kina cha mita 1, uutandaze unene wa sentimita 1 na uuweke kivulini ukiwa na unyevu kwa wiki 8. pH, kipimo cha tindikali ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi, ikishuka chini ya 4, acha mikoko isimame.

Kwenye mawe ya matumbawe, kama mashariki ya Unguja, bwawa lisilotandikwa karatasi nzito ya plastiki mimi nisingelikubali kabisa, kwani jiwe lina matundu na maji ya visima huelea juu ya maji ya bahari. Kisima kilicho jirani kipimwe kwa mita ya chumvi kabla ya jembe la kwanza, wakati wa bamvua na wa maji mafu. Teremsha chupa yenye uzito iliyozibwa mpaka chini, uizibue kwa uzi huko huko, maana maji ya chumvi ni mazito na ndoo huchota ya juu. Daftari la vipimo likae kwa wanaotumia kisima, si kwa mwenye bwawa.