Bomba tupu lilinidanganya: kukokotoa ujazo na uzito wa maji katika mabomba ya jengo

Asubuhi moja, miaka kadhaa iliyopita, askari wa jengo moja la ghorofa nne hapa Kisumu alinipigia simu kabla sijanywa chai. "Injinia, bomba lako limeinama," akasema. Nilipofika kwenye maegesho ya chini nililikuta bomba la inchi 4 la maji ya kuzimia moto limebonyea katikati, kiango kimoja, yaani chuma kinachoshikilia bomba darini, kikining'inia bila kazi na plagi zake za plastiki, zile zinazoshika skrubu ndani ya zege, zikiwa zimechomoka darini. Vumbi la zege lilikuwa bado sakafuni. Kosa lilikuwa langu, si la fundi. Nilikuwa nimekadiria mzigo kwa jedwali la muuzaji, na jedwali hilo hupima bomba likiwa tupu, jinsi linavyopakiwa kwenye lori.

Hesabu niliyopaswa kuifanya ni fupi. Bomba la chuma la inchi 4, la unene wa kati, lina uzito wa takriban kilo 12 kwa kila mita. Kipenyo chake cha nje ni milimita 114.3 na ukuta wake una unene wa milimita 4.5, ukiondoa ukuta wa pande zote mbili, nafasi ya ndani inabaki milimita 105.3. Mimi huigeuza iwe desimita, yaani 1.053, kwa kuwa desimita moja ya ujazo ndiyo lita moja, na kwa njia hiyo ninaepuka zile sufuri zinazopotea kati ya milimita na mita. Zidisha 1.053 kwa yenyewe, kisha kwa 0.785 (robo ya pai, inayogeuza mraba kuwa duara), kisha kwa 10, ambazo ni desimita za mita moja: unapata lita 8.7. Lita moja ya maji ya kawaida ni kilo moja, kwa hiyo bomba lililojaa lina uzito wa karibu kilo 21 kwa mita.

Bomba lile lilikuwa na urefu wa mita 42. Maji peke yake yalikuwa kilo 365, ambazo ni magunia manne ya mahindi ya kilo 90 na nyongeza kidogo, yametundikwa juu ya magari ya watu. Kila kiango, kwa nafasi ya mita 3, kilibeba takriban kilo 62 badala ya 36 nilizozitarajia. Kiango kimoja kinapoachia, jirani zake wawili hugawana mzigo wake, na kila mmoja hujikuta na kilo 93 hivi. Ndiyo maana bomba la namna hii haliangui kiango kimoja likatulia. Likiachwa, huvifuata vingine kimoja baada ya kingine.

Jambo linalowapoteza wengi ni jina la bomba, yaani kipimo linachoitwa nacho dukani, ambacho si kipenyo cha ndani. Kuna kanuni ya haraka ninayoipenda: zidisha inchi kwa yenyewe, ugawe kwa mbili, nawe utapata lita kwa mita. Kwa inchi 4 inakupa 8, kwa inchi 2 inakupa 2, na zote mbili zinakaribia ukweli. Lakini kwa nusu inchi inakupa lita 0.125, ilhali bomba la chuma la nusu inchi, ambalo kwa ndani lina milimita 16 hivi, hubeba lita 0.2. Upande wa PPR, yaani mabomba ya plastiki, mambo hugeuka, kwa sababu milimita zinazotajwa dukani ni za nje. PPR ya milimita 25 yenye ukuta wa milimita 4.2 ina nafasi ya ndani ya milimita 16.6 tu. Na kwa kuwa kipenyo huzidishwa kwa chenyewe, ukikosea milimita chache hapo, jibu lote linaharibika. Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, upime tundu.

Mteja mmoja mjini Nakuru, ambako asubuhi ni baridi, alilalamika kwamba maji ya moto yanachelewa kufika bafuni ingawa alinunua "bomba kubwa". Lilikuwa PPR hiyo ya milimita 25, mita 20 kutoka kwenye hita: lita 4.3 za maji yaliyopoa ambazo lazima zimwagike kwanza. Mfereji wake ukitoa lita 6 kwa dakika, hizo ni sekunde 43. Kwa PPR ya milimita 20 yenye tundu la milimita 13.2, zingekuwa lita 2.7 na sekunde 27, mradi mfereji utoe maji kwa kasi ileile.

Swali jingine nisilochoka kulijibu ni la presha. Maji yaliyosimama katika bomba la wima la inchi 2, lenye kimo cha mita 12, yana uzito wa kilo 26 na ushee, na uzito huo huangukia kona ya chini, ambayo lazima iwekewe tegemeo. Presha hapo chini, hata hivyo, ni takriban baa 1.2 (baa ni kipimo cha presha), na ingekuwa hiyohiyo kwa bomba la nusu inchi. Kimo ndicho kinachoiamua.

Kule Kisumu tuliondoa plagi zote, tukaweka bolti za chuma zinazotanuka ndani ya zege, na tukapunguza nafasi ya viango hadi mita 2, yaani kilo 42 hivi kwa kila kimoja. Siku ya kujaza tulifungua vali robo tu. Nilitembea chini ya bomba na tochi kutoka mwanzo hadi mwisho, na askari yuleyule alinifuata nyuma, shingo ameinua, akihesabu viango kwa sauti.