Anayechunguzwa pale ni daktari, si mgonjwa

Mama mmoja wa mtaa wa Kadutu alinifuata ofisini na simu yenye kioo kilichopasuka, ndani yake picha ya barua kutoka Ayalandi. Kijana wake amelazwa huko bila ridhaa yake. "Docta, wanamupeleka tribunali. Ameua nani?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi mno. Hapa Bukavu, Kongo, tukisikia "tribunali", yaani mahakama, tunaona polisi na pesa za wakili. Kumbe pale kinachochunguzwa ni amri ya daktari. Kwa sheria ya Ayalandi ya mwaka 2001, amri ya kwanza ya kumlaza mtu kwa lazima inadumu siku 21 tu, na kabla hazijaisha watu watatu, ndio hiyo tribunali, lazima waipitie: mwanasheria, bingwa wa magonjwa ya akili, na mwingine ambaye si daktari wala mwanasheria. Wanateuliwa na Tume ya Afya ya Akili, chombo kinachojitegemea. Tume hiyohiyo inampangia mgonjwa wakili bure, na inatuma bingwa mwingine ampime. Wakiona hakuna sababu ya kumshikilia, amri inafutwa. Hakuna faini, hakuna jela, na kikao ni cha faragha.

Mama akatikisa kichwa. "Lakini sisi wazazi tumekubali alazwe. Hao watatu wanaingilia nini?"

Hapo uvumilivu huniishia. Ndugu kukubali si kipimo cha ugonjwa. Nimepokea kijana aliyeletwa na kaka zake amefungwa kamba, mikono imevimba, nao wanampenda kabisa. Tulipopima damu, ilikuwa malaria imempanda kichwani. Siku ya nne aliomba fufu na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Nimepokea pia mgonjwa aliyeletwa na mjomba ambaye, baadaye tukajua, wanagombania shamba. Na sisi madaktari tunachoka, tunakosea. Jicho la pili lisiwe la familia wala la hospitali.

Mengine nayajibu harakaharaka. Eti Tume ndiyo bosi wa hospitali: haitibu mtu, haiajiri muuguzi. Inaandikisha vituo vya kulaza, na mkaguzi wake hupita kila kituo angalau mara moja kwa mwaka. Ripoti huchapishwa, jina la kituo likiwa juu. Eti kumfungia mgonjwa chumbani ni siri ya wodi: kuna kanuni zake, na kila mara lazima iandikwe. Eti kwetu chombo hicho kipo, ni Programu ya Taifa ya Afya ya Akili: hiyo iko chini ya Wizara ya Afya, na wizara kujikagua yenyewe si ukaguzi. Vyumba vya maombi wanakofunga watu minyororo, sijawahi kuona mkaguzi akibisha hodi.

Ushauri wangu ni uleule kwa kila mzazi: usiulize "atatoka lini", uliza amri ilisainiwa tarehe gani na wakili wake ni nani. Mama aliyaandika nyuma ya risiti ya unga, akapiga simu Jumapili. Wakili alikuwa amekwisha kwenda mara mbili. Kijana alikataa kumwona, kwa sababu mama yake alikuwa amemwambia anakwenda kuhukumiwa.