Bakteria hunataje kwenye seli zetu? Maswali na majibu

Bakteria akiingia mwilini, tayari nimeugua?

Bado. Wengi huingia na kutoka bila sisi kujua, maana ute huwanasa na mkojo huwasomba. Wa kuogopwa ni yule aliyepata pa kushika.

Anashikaje?

Mchukue E. coli, anayesababisha maambukizi mengi ya njia ya mkojo (UTI). Mwili wake umeota vijinywele vya protini, na kwenye ncha ya vijinywele hivyo kuna protini iitwayo FimH. Seli za ukuta wa kibofu nazo zina sukari aina ya manosi juu yake, na hapo ndipo FimH hung'ang'ania. Cha ajabu ni kwamba mkojo ukipita kwa kasi, mshiko huo hukaza badala ya kuachia! Hata hivyo maji usiache kunywa; yanawatoa wale ambao hawajashika.

Akishanata, nini kinafuata?

Inategemea ni nani. E. coli wa kibofu anaweza kupenya ndani ya seli na kuzaliana humo, sababu mojawapo ya UTI kurudi hata baada ya dawa. Bakteria wa kipindupindu haingii ndani ya seli. Hukaa juu ya utumbo na kutoa sumu inayozifanya seli zimwage maji na chumvi. Mjanja kupita wote, kwa maoni yangu, ni aina ya E. coli inayoharisha watoto wachanga: huichoma seli, huingiza protini yake mwenyewe ijipachike juu ya seli hiyo, kisha huishika. Yaani amekuja na mpini wake.

Mwili unakaa tu?

Hata kidogo. Mkojo una protini iitwayo uromodulini, yenye manosi ileile. Bakteria huidaka akidhani ni seli, akatoka nayo. Maziwa ya mama pia yana sukari zinazofanana na zile za utumbo, nazo humhadaa vivyo hivyo.

Na mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo?

Bakteria hunata kwenye mpira wenyewe na kujijengea utando ambao antibayotiki huupenya kwa shida. Kila siku muulize muuguzi kama mpira bado unahitajika. Ikitokea homa, kutetemeka au maumivu ya mgongo ubavuni, mwambie daktari siku hiyohiyo, kwani huenda bakteria wamefika kwenye figo.