Muhuri wa wakili haukufanyi mmiliki wa nyumba

Siku hizi kaunta yetu ya usajili wa hati inapokea lalamiko la aina moja mara kwa mara. Mtu kanunua nyumba, hela kamaliza kulipa, mkataba anao wenye muhuri wa wakili na sahihi za mashahidi, na ameishi humo miaka mitano, sita. Siku anapotaka mkopo benki inamwambia hati ina jina la mtu mwingine. Anakuja kwetu na mkataba wake mkononi, anauliza kwa nini tumemnyima nyumba yake.

Hatujamnyima. Hakuwahi kuileta isajiliwe.

Makala haya yanahusu nyumba zenye hati miliki Tanzania Bara. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, umiliki wa ardhi iliyosajiliwa hauhami mpaka uhamisho wenyewe usajiliwe. Mkataba wa mauziano unakupa haki ya kumdai muuzaji. Daftari la Msajili wa Hati ndilo linalosema nyumba ni ya nani. Mawakili wanalijua hili. Ila wananchi wengi huenda kwa wakili wakati bei imeshakubaliwa na nusu ya hela imeshatoka, wakaomba "atugongee muhuri tu". Akagonga. Kazi uliyomlipa aliifanya.

Kazi ya kumpa wakili inaanza kabla ya hela, na inaanza na upekuzi. Kwa namba ya hati, kiwanja na kitalu, unaomba taarifa rasmi za daftari, unapewa namba ya malipo, unalipia. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mtu anayepinga nyumba isiuzwe. Nakala ya hati, hata iwe ya rangi na inang'aa vipi, haionyeshi hayo. Dalali akikuambia hati halisi "iko kwa wakili" au "iko safarini", mara nyingi iko kwenye kabati la benki. Wakili naye ahakikiwe: Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, weka jina lake uone kama leseni yake iko hai. Ni dakika mbili.

"Wakili wa muuzaji hawezi kutusimamia sote?" Anaweza kuandika karatasi. Siku mkigombana atakuwa wa nani?

Jambo linaloharibu mauzo mengi kuliko yote ni ridhaa ya mwenza. Nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke, hata kama hati ina jina moja tu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema hivyo. Kuna mama alituletea mkataba ndani ya bahasha ya kaki, umekunjwa vizuri mara mbili. Ukurasa wa tatu palikuwa na ridhaa ya mke wa muuzaji. Juu jina limechapwa "Mwanaidi", chini kwenye sahihi limeandikwa "Mwanaid", kwa mwandiko uleule na wino uleule wa shahidi wa kwanza. Shahidi wa kwanza alikuwa dalali. Mke mwenyewe alikuwa ameshaweka zuio wiki mbili kabla, na cheti chake cha ndoa kilikuwa ndani ya jalada. Yule mama alikaa kwenye benchi letu mpaka mchana. Kumwona mke wa muuzaji ana kwa ana, na kitambulisho chake, kungemgharimu nauli ya daladala.

Muuzaji akisema ni mseja, aape kiapo. Akisema nyumba ni ya marehemu baba, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo hauhamishi hati.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo majalada yanaporudishwa. Baada ya mkataba kunahitajika ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa bila deni. Kisha fomu za uhamisho: namba 29 ya taarifa, namba 30 ya maombi ya kibali, na namba 35 ambayo ndiyo uhamisho wenyewe. Zijazwe kwa majina yanayofanana na ya hati na ya kitambulisho, herufi kwa herufi, zikiwa na picha na sahihi za pande zote. Waraka uwe na jina na anwani ya aliyeuandaa. Usipokuwa nayo hatuupokei, na kumgombeza karani wa mapokezi hakutabadilisha Sheria ya Mawakili.

Kodi ni mbili na watu huzichanganya. Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1 ya thamani, na kwa desturi hulipwa na mnunuzi. Nyumba ya shilingi milioni 80 ni karibu shilingi 800,000. Ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini; ukichelewa kuna adhabu, na waraka usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Ya pili ni kodi ya ongezeko la mtaji, ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa nchini. Aliyenunua kwa milioni 50, akakarabati kwa milioni 10 akiwa na risiti, akauza kwa milioni 80, anatozwa kwenye milioni 20. Anadaiwa milioni 2. Ipo nafuu kwa makazi ya mtu aliyoyamiliki na kuyaishi miaka 3 au zaidi, faida isipozidi milioni 15. Aulize Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kusaini. Bila cheti cha TRA kuwa kodi hii imemalizwa, Msajili hasajili. Kwa hiyo andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, na sehemu ya bei ibaki mpaka cheti kipatikane.

Wapo wanaoandika milioni 30 kwenye mkataba wa milioni 80 ili kodi ipungue. Mthamini haangalii mkataba wenu, anaangalia nyumba. Mauzo yakivunjika, utakachodai kurudishiwa ni kile kilichoandikwa.

Kuhusu mwenyekiti wa serikali ya mtaa: ni shahidi mzuri, anamjua muuzaji na anajua ugomvi wa mpaka. Hakuna sheria ya ardhi inayomtaka mnunuzi amlipe asilimia 10 ya bei, na muhuri wake hauchukui nafasi ya kibali cha Kamishna wa Ardhi. Ardhi ya kijiji ina njia yake, kupitia Halmashauri ya Kijiji, nayo inahitaji makala nyingine.

Jalada likikamilika, kwa hati ya mfumo wa zamani wa karatasi, utarudishiwa hati ile ile, jina lako likiwa limeandikwa kwenye nafasi ya kumbukumbu. Tafadhali usiipigie laminesheni. Rehani ya kesho na uhamisho wa mwanao vitaandikwa hapohapo, na juu ya plastiki kalamu haishiki.