Nyutro mteremkoni haisevu mafuta

Jamani tulimalize hili. Kila watu wakipanga safari ya siku moja, asubuhi vijijini huko juu kona juu ya kona, mchana washuke pwani wapite mji baada ya mji, lazima atokee dereva aseme "mimi mteremkoni natoa gia, naweka nyutro, nasevu mafuta". Husevu chochote. Kwa gari ya injekta, yaani ile ambayo kompyuta ndo inapulizia injini mafuta, ni kinyume kabisa.

Gari ikiwa kwenye gia na umeachia ekseleta, magurudumu ndo yanazungusha injini, basi kompyuta inafunga injekta, halipiti hata tone, mpaka mizunguko ishuke sana ndo inafungulia tena. Ukiweka nyutro hakuna kinachoizungusha, inabidi inywe mafuta ili isizime. Na wale wanaozima injini kabisa: ukikanyaga breki mara mbili tatu busta, ile inayokusaidia kukanyaga, imeisha nguvu, pedali ngumu kama jiwe, usukani mzito. Acheni.

Kuna kitu vitabu vinakiruka. Kwenye kamteremko kadogo, kale ambako gari ikiwa kwenye gia inapoa mwendo mpaka ukanyage mafuta, nyutro inaweza kweli kukuokolea kidogo maana gari inaserereka mbali zaidi. Na kabureta, ule mfumo wa mafuta wa magari ya zamani, haina huo ujanja wa kufunga injekta, kwa hiyo wazee waliotufundisha hawakutoa maneno yao hewani. Ila barabara ya kona za milimani sio hiyo.

Na kinachoniuma zaidi wala sio mafuta, ni breki. Chukua gari ya kilo 1,500 inashuka mita 1,000 mpaka usawa wa bahari. Ukiziachia breki peke yake kazi yote hiyo, ni joto la kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji, na lote linaishia kwenye disiki na pedi. Breki fluidi, yale mafuta ya breki, ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini inanyonya unyevu pole pole, na ikishabeba maji asilimia 3.7 hivi kiwango kinachokubalika ni 155 tu. Ikichemka inatoa mapovu, na mapovu yanabonyea, fluidi haibonyei, ndo pale unakanyaga pedali inazama laini mpaka chini na gari haishiki. Na haitokei kule juu kona ya kwanza breki zikiwa baridi! Inatokea chini, unaingia mjini, watu wanavuka kwenda ufukweni.

Sasa punguza gia KABLA hujaanza kushuka. Gari ya oto toa D, weka 2 au L, ndo gia zake za chini. Injini ikilia iache ilie, mradi mshale wa mizunguko ya injini haujagusa nyekundu. Breki mimi nasema kanyaga vizuri, shusha mwendo, achia kabisa, usishuke umeegemeza mguu kilomita nzima. Hapa mafundi tunabishana, wengine wanasema joto kwa jumla ni lile lile, na wana hoja, ila nikifungua magurudumu ya wanaoegemeza mguu nakuta pedi zimeng'aa kama kioo na disiki zimegeuka rangi ya bluu.

Ukisikia harufu ya kuungua, paki sehemu tambarare, weka kwenye gia, zuia tairi kwa jiwe, handbreki usiivute breki zikiwa za moto. Usimwagie maji, disiki zinaweza kupasuka. Zikishapoa kanyaga pedali, ikiwa bado laini hapo hakuna mji unaofuata, ita fundi aje na fluidi mpya.