Je, Wajua? Maoni ya Mwananchi Kuhusu Kemikali Sumu Hayahesabiwi Kama Kura

Kwa muda mrefu niliamini kwamba serikali inapowaita wananchi watoe maoni kuhusu mpango wa kupunguza kemikali sumu zinazodumu, yaani zisizooza haraka katika mazingira, kuna mtu anayeketi na kuhesabu wangapi wamekubali na wangapi wamekataa. Nikaona kilicho muhimu ni wingi: barua elfu moja zenye maneno yaleyale zitaishinda barua moja.

Sivyo. Uamuzi wa kupunguza sumu huwa umeshafanyika. Anayeandika "hatutaki sumu" anarudia lililo kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango. Kinachotafutwa ni yale mpango usiyoyajua: sumu iko wapi, nani anaishika kila siku, itaondolewaje bila kumdhuru mtu. Hapo maoni ni ushahidi, na shahidi mmoja aliyeona ana uzito kuliko elfu waliosikia.

Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya kimataifa kuhusu kemikali hizi, ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kutumika 2004 ukiwa na kemikali 12, zikiwemo DDT ya kuulia wadudu, PCB ya kwenye transfoma, na dioksini itokanayo na uchomaji wa taka. Nchi wanachama huandaa mpango wa taifa, na Kifungu cha 7 kinataka wadau washauriwe. Kinavitaja waziwazi vikundi vya wanawake na vinavyoshughulikia afya ya watoto, jambo la maana sana, kwani kemikali hizi hujikusanya katika mafuta ya mwili na kumfikia mtoto kupitia maziwa ya mama.

Chukua PCB, iliyotiwa katika mafuta ya transfoma. Mtu angedhani kuzipata transfoma zenye PCB ni kusoma tu vibao vilivyobandikwa juu yake kiwandani. Lakini fikiria kata ya kuchotea iliyochota mafuta ya taa, kisha ikatumbukizwa mtungini: mtungi bado unaitwa wa maji, ila maji yameshanuka. Ndivyo ilivyo kwa transfoma iliyotoka kiwandani na mafuta safi, kisha ikakarabatiwa kwa pampu iliyotumika kwenye transfoma yenye PCB. Kibao hakibadiliki, mafuta yamebadilika. Mkataba unaanza kuhesabu kifaa kuwa na PCB kwenye asilimia 0.005, kiasi ambacho macho hayawezi kukiona.

Sasa fundi mmoja akiandika, "karakana yetu ilikuwa na pampu moja kwa transfoma zote," sentensi hiyo inaweza kubadilisha orodha ya vifaa vya kupimwa. Vivyo hivyo kwa anayejua mafuta ya zamani yalichotwa yakapelekwa kupoza mashine za kuchomelea. Na dioksini, inayozaliwa taka zinapochomwa ovyo, haina kibao kabisa. Anayejua jalala linawaka lini ni jirani yake.

Hata hivyo, Kifungu cha 10 kinaitaka nchi iwezeshe ushiriki wa umma "kwa kadiri ya uwezo wake", na hakilazimishi kila maoni yajibiwe. Kwa hiyo andika mahali, mwaka, kifaa na ulichokiona. Mafuta yenye PCB yanatakiwa yawe yamedhibitiwa kwa njia salama ifikapo 2028.