“Hata wewe, dada?”

Jumamosi iliyopita msichana wa mwaka wa kwanza alinijia na kompyuta mkononi, macho mekundu kwa kukesha. Programu yake, aliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ilikuwa imegoma tangu usiku. “Dada, nadhani hii fani si yangu.” Nikavuta kiti, tukausoma pamoja ujumbe wa hitilafu kuanzia chini, maana kwenye Python kiini cha tatizo huandikwa mstari wa mwisho. Kumbe mstari wa 14 ulipungukiwa nafasi mbili mwanzoni. Alipoziongeza, ikaenda. Kisha nikafungua kazi yangu mwenyewe, nikamwonyesha hitilafu iliyonihangaisha siku 3. Akaniangalia. “Hata wewe, dada?”

Kwangu mimi, kuwalea wasichana katika sayansi ya kompyuta kunaanzia kwenye swali hilo. Tumezoea kuwaalikia mgeni wa heshima: anasimulia alivyofanikiwa, makofi, picha, kwaheri. Ni vizuri wajue kwamba ENIAC, kompyuta iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, iliandaliwa programu na wanawake 6, na kwamba mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov alipata Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kabisa ya fani hii, ya mwaka 2008. Nami huwasimulia hayo kwa fahari. Lakini Liskov hayupo maabara saa 4 usiku programu inapogoma. Dada wa mwaka wa pili yupo.

Chuo cha Harvey Mudd, California, kilikuwa na wanawake kama asilimia 10 tu katika fani hii. Kuanzia mwaka 2006 hivi, Maria Klawe alipoingia kukiongoza, mambo yalibadilika: Python ikachukua nafasi ya Java, lugha nyingine ya programu, katika somo la utangulizi, wasichana wa mwaka wa kwanza wakapelekwa kwenye mkutano wa Grace Hopper kukutana na wanawake wa fani, na wanaoanza wakatenganishwa na waliokwisha kuandika programu tangu sekondari. Baada ya miaka michache wanawake wakafika kama asilimia 40. Hilo la kutenganisha ndilo linalonigusa zaidi. Anayeanza, akimsikia mwenzake anajibu kila swali, huamini mwenzake ana kipaji ambacho yeye hana, kumbe alitangulia kuanza tu.

Kwa hiyo kwenye kikundi chetu cha wasichana kuna sharti moja ninalolisimamia kwa ukali: kibodi ya mtu haiguswi na mwingine. “Lete nikufanyie” inasikika kama huruma, lakini anayefanyiwa huondoka hajui kilichorekebishwa.

Kuna pia kutajwa jina kazi zinapogawanywa. Kazini kwangu pa kwanza, kila kikao mimi ndiye niliyepewa kuandika kumbukumbu. Siku moja mama mmoja mwenye cheo akasema, “Sehemu ya programu inayoshughulikia malipo, mpeni huyu binti aiandike.” Sikuwa nimeomba. Kazi ile ndiyo iliyonifanya mhandisi.

Jumamosi ijayo wa mwaka wa pili wataketi na wa mwaka wa kwanza, wawili wawili. Nimemwomba kila dada aje na programu moja iliyomshinda.